Pua Imetangulia

Sikilizeni, na mkimaliza kusikiliza msiseme mmesikia kwangu, maana mimi ni mtumishi wa umma na kazi bado naitaka. Nchi ninayoisimulia si yenu. Kwenu hakuna mambo haya, najua, ndiyo maana nasema bila wasiwasi.

Nchi yetu ni ya adabu sana. Huwezi kumpita mtu bila salamu. Kijana wa kiume akimwambia mtu mzima shikamoo, anaitikiwa marahaba, anaendelea na safari yake. Msichana akisema shikamoo, anaitikiwa kwa mwili wake. "Umenenepa!" "Mbona umeisha hivyo, unaumwa?" "He! Na hizo chunusi?" Naye anacheka, anashukuru, anaendelea na safari yake, ila mwendo wake unakuwa mwingine kidogo. Wizara ya Utamaduni imeitangaza salamu hii kuwa tunu ya taifa. Wageni wa kiserikali wakitua uwanja wa ndege, wasichana hupangwa mstari wakatoa shikamoo, na sisi kina mama tunawaitikia kwa zamu. Kuna rais mmoja wa ugenini aliipenda mpaka akaomba irudiwe.

Mimi naitwa Mwantumu, ni mwita-majina wa Baraza la Sababu. Naita mtu aingie, na ombi lake likikubaliwa napiga kengele. Nilichaguliwa kwa sauti yangu. Nikikohoa sokoni, watu wa stesheni wanasema pole.

Baraza lenyewe lilizaliwa na karamu. Siku ya Jubilei Ikulu iliandaa chakula cha usiku, na karamu ilipokwisha Waziri wa Ardhi akaondoka na mke wa Waziri wa Mifugo. Hakuwa na nia mbaya. Wake wa mawaziri wote walikuwa wamepita kwa daktari mmoja wa kupasua sura, Daktari Sefu, naye Daktari Sefu anajua pua moja tu na kidevu kimoja tu, basi anavirudia. Kosa lilichelewa kugundulika kwa kuwa hakuna kati ya wale wanne aliyelalamika.

Kesho yake Mlezi Mkuu wa Nchi akaongea redioni. Yeye mwenyewe uso wake haujakunjika tangu achaguliwe mara ya kwanza, lakini huo kwa sheria si upasuaji, ni ukarabati wa alama ya taifa. "Ndugu wananchi!" akasema. "Wanawake wetu wanajikata! Nani kawaambia wana kasoro? Serikali yangu haitalala mpaka imjue adui huyo!"

Na kweli haikulala. Iliunda Baraza, na tangu hapo mwanamke akitaka kupasuliwa sura, kwanza alete ombi na sababu yake Barazani.

Wajumbe wote ni wanaume, na waliteuliwa kwa sifa moja: uzoefu wa muda mrefu wa kuwatazama wanawake. Mwenyekiti ni Mheshimiwa Kanali Dakta Lumbwe. Ana tumbo linaloingia mkutanoni kabla yake, lakini hilo kwetu linaitwa heshima. Walianza na vioo. Vioo vyote vya vyoo vya kike katika ofisi za umma vikang'olewa, na wajumbe wakasafiri ng'ambo kuchunguza maziwa, maana maji yakitulia nayo ni kioo. Walirudi wamepumzika vizuri. Wakachunguza upepo, wakachunguza televisheni, wakachunguza wembamba wa wanasesere. Maneno hawakuyagusa. Mwenyekiti alieleza kwa utulivu kwamba maneno hayana uzito, na kisicho na uzito hakimlemei mtu.

Mimi nilipiga makofi. Nililipenda lile wazo, lilinipunguzia kitu.

*

Wanawake walikuja, jamani. Walikaa kwenye mabenchi mpaka nje kwenye ngazi.

Alikuja Bi. Leokadia, msomaji wa taarifa ya habari. Bosi wake alimwambia makunyanzi yake yanawafanya watazamaji wasiamini habari. Wajumbe wakataka kujua anasoma na nani. Akasema anasoma na Mzee Ndimbo, ambaye meno yake yalimdondoka hewani wakati wa habari za bajeti. "Mzee Ndimbo tunamwamini sana," akasema Mwenyekiti, na wajumbe wakatikisa vichwa. Ombi likakubaliwa kwa maslahi ya taifa. Nikapiga kengele.

Alikuja mama wa mapacha. Mumewe alikuwa amebandika ukutani picha ya harusi yao, na kila akila alikuwa anaitazama picha halafu anamtazama yeye, halafu anasukuma sahani. Hasemi kitu. Baraza likauliza kama mume ameamuru upasuaji. Akasema hajaamuru, anapumua tu. Ombi likakataliwa, kwa kuwa kupumua si amri.

Halafu akaja Asteria.

Huyu nawaomba mumsikilize vizuri. Serikali ilikuwa imenunua kamera mpya za vitambulisho. Zilikuja na mtambo wa kulainisha sura, na maelekezo yameandikwa kwa lugha ya huko zilikotoka, kwa hiyo hakuna aliyejua kuuzima. Kila aliyepigwa picha akatoka na ngozi ya yai lililomenywa na pua nyembamba. Wanaume wakifika getini askari wanacheka nao, wanapita. Wanawake wanaambiwa wasimame pembeni, maana hawafanani na vitambulisho vyao. Asteria alikuwa mpiga chapa wa Wizara ya Maji, binti mchangamfu, ana mwanya, na kila asubuhi alikuwa anazuiwa kwenye geti la ofisi yake mwenyewe.

Mwenyekiti alikitazama kitambulisho, akamtazama Asteria, akarudi kwenye kitambulisho. "Hii ni hati ya Serikali," akasema. "Serikali haikosei. Kwa hiyo kati ya hivi viwili, kilichokosea ni uso."

Nikapiga kengele kwa furaha. Asteria akanikumbatia. "Mama, sasa nitaingia kazini kwa wakati," akaniambia. Nikamjibu kwa salamu yetu: "Na huo mwanya nao wauzibe, mwanangu." Akacheka sana.

Baada ya upasuaji kuna siku ya uhakiki, wanawake wanarudi kulinganishwa na vitambulisho vyao. Nikamwita Asteria. Nikaita tena, kwa ile sauti yangu. Akaja mama yake, mwanamke mfupi aliyefunga khanga kiunoni, ameshika kitambulisho kwa mikono miwili.

"Hakuamka," akasema.

 Mwenyekiti akakipokea, akakigeuza huku na huku. Ana upole wake, tusimsingizie. "Pole sana, mama," akasema. "Ila kwa upande wa Serikali, tatizo la kutofanana limekwisha." Halafu akaniashiria kwa kidole.

Nikapiga kengele. Mnanitazama nini? Niliashiriwa.

*

Wenzake Asteria wakafuata. Si wengi, alisema Mwenyekiti, ukilinganisha na waliobaki. Daktari Sefu hakuguswa kwa kuwa wake wa mawaziri walikuwa wanahitaji matengenezo ya mara kwa mara. Lakini Mlezi Mkuu alichoka kutuma rambirambi, akaagiza maombi yapunguzwe, na Baraza likatoa Waraka wa Maneno.

Waraka ulisema hivi. Mwanamke akidai kwamba sababu yake ni maneno ya watu, amtaje aliyeyasema, na huyo msemaji ayarudie mbele ya Baraza vilevile alivyozoea kuyasema. Baraza likicheka, basi hiyo ni salamu, na ombi limekataliwa. Baraza lisipocheka, hilo ni tusi: mwanamke atapasuliwa kwa gharama ya Serikali, na msemaji atafukuzwa kazi. Magazeti yaliusifu. Hatimaye, yakaandika, maneno yamepata mizani.

Nilikuwa bado nausifu na mimi siku nilipopokea majina ya asubuhi, nikaanza kuyaita, nikafika katikati na ulimi ukagoma. Mwenyekiti akainua macho. "Vipi, Bi. Mwantumu?"

"Hakuna kitu, Mheshimiwa," nikasema. Nikaita: "Salhina binti Shomari!"

Salhina ni mtoto wa marehemu kaka yangu. Mimi ndiye shangazi yake pekee, mimi ndiye niliyemsuka alipoanza shule na kumpikia alipofaulu. Ni mwalimu wa hesabu. Aliingia amevaa gauni la kijani nililomshonea mimi, akasimama mbele ya wajumbe akiwaelekea uso kwa uso, na hata walipomwambia akae upande wa kulia alikivuta kiti mpaka kikawatazama.

"Unataka kupasuliwa nini?" akauliza Mwenyekiti.

"Pua."

"Sababu?"

"Nataka siku moja niingie mahali nikiwa mzima," akasema Salhina. "Siyo kwa awamu."

Wajumbe hawakuelewa. Mimi nilielewa.

Akaendelea, taratibu, bila kulia, namna anavyoeleza hesabu. Akasema darasani anafundisha akiwa ameelekea ubao, kwa sababu akigeuka upande wanafunzi wataiona. Wanafunzi wake wanaujua mgongo wake tu. Akasema kuna kijana alitaka kumposa, mtu mzuri, lakini alipenda kukaa naye ubavuni, basi akamwacha. Akasema hakuna picha yake hata moja ya harusi za wenzake, maana kila mara yeye ndiye aliyeomba kushika kamera.

"Na aliyekuambia pua yako ina kasoro ni nani?" akauliza Mwenyekiti.

"Hakuniambia ina kasoro, Mheshimiwa. Ananisalimia tu. Nikifika kwake nikasema shikamoo, ananisalimia kwa neno moja, mbele za watu, tangu sijajua kusema. Nami nacheka. Nacheka kuwashinda wote, ili wasijue."

"Nani huyo?"

Salhina hakuninyooshea kidole. Ana adabu mtoto yule. Aliangalia sakafu, akasema, "Ni mwita-majina wenu."

*

Wakaniita mbele. Nimewaita watu wengi kwenye lile duara la zulia, sikuwa najua kwamba lina baridi.

Nielezeni ninyi mlio na akili, ningefanyaje? Niliona njia mbili tu. Nikiyasema yale maneno kinyonge, hawatacheka. Litakuwa tusi. Mimi nitafukuzwa, sawa, lakini Salhina atalazwa kwenye meza ya Daktari Sefu, na siku ya uhakiki nani atamwita jina? Nikiyasema vizuri, watacheka, ombi litakataliwa, mtoto atabaki hai na pua yake. Ila itabidi nimcheke tena, hapo, mbele ya Serikali.

Nilifanya kwa ajili ya Asteria. Nilifanya ili yasimpate yaliyompata Asteria. Na kazi yangu ilibaki, ndiyo, lakini hilo ni jambo jingine, nililigundua baadaye. Nusu ya siku huwa naamini hivyo.

"Rudia ulivyozoea," akasema Mwenyekiti. "Mwombaji, anza."

Salhina akainuka. "Shikamoo, shangazi."

Nikashika kiuno. Nikanyoosha shingo namna ya mtu anayechungulia mlangoni, nikaipandisha ile sauti waliyoniajiria. "Jamani, sogeeni, sogeeni! Pua imetangulia!" Nikanyamaza kidogo, maana hapo ndipo penye utamu wenyewe, nikaangalia saa ya ukutani. "Mwenyewe yuko njiani, tumsubiri."

Lo! Baraza liliangua kicheko. Mwenyekiti alipiga meza, tumbo likacheza, mjumbe mmoja akatoka nje kukohoa. Kina mama wa kwenye mabenchi, waliokuja na vilio vyao, nao wakacheka. Sijawahi kulisema vizuri vile. Na juu ya vicheko vyote nikasikia kicheko kimoja kinachowashinda, nacho kilikuwa cha Salhina. Macho yake hayakuwemo.

"Salamu safi kabisa!" akasema Mwenyekiti akijifuta machozi. "Ombi limekataliwa."

Hapo mjumbe Ngwali, yule mdogo wao mwenye miwani, akainua mkono. Huyu huwa anauliza maswali kwa sababu hajateuliwa siku nyingi. "Mheshimiwa, samahani. Mbona mwita-majina na mwombaji pua yao ni ileile?"

Wote wakanitazama. Pua yangu, ndugu zangu, ni ya baba yangu na ya kaka yangu, na Salhina aliipata kwetu, hakuiokota barabarani.

Nitawaambia kitu. Utoto wangu wote nilikuwa nikisema shikamoo naitikiwa kwa hiyo pua. Kila mlango. Halafu kaka akapata mtoto, nikaitwa kumwona, nikamfunua kwenye khanga, nikaikuta imelala pale, ndogo, imetimia. Moyo wangu ukafurahi, na haikuwa furaha ya kupata mtoto. Nikasema kwa sauti chumba kizima kisikie: pua imetangulia! Wakacheka wote, wakasogea kumtazama mtoto, na hakuna aliyenitazama mimi. Tangu siku hiyo sikuacha. Kila watu walipokusanyika nilimwonesha yeye kwanza, macho yaende kwake.

"Pua ya mtu mzima haisalimiwi," akamjibu Mwenyekiti kwa ukali. "Hiyo haihusiki." Ngwali akaketi.

"Hata hivyo," akaendelea Mwenyekiti, ambaye alikuwa bado na hamu ya kucheka, "Waraka unampa mwombaji haki ya kujibu. Binti, mrudishie shangazi yako salamu. Sema chochote unachokiona."

 Kina mama wakajisogeza mbele ya mabenchi. Salhina akanitazama usoni, hapo katikati, mahali ambapo hakuna aliyewahi kupatazama waziwazi tangu nimekuwa mtu mzima. Mimi nikaomba aseme. Wallahi niliomba. Nikajiambia, mwanangu, sema lolote, sema baya kuliko yote, cheka nao, tugawane.

"Shikamoo, shangazi," akasema.

Basi. Hakuongeza kitu. Alisimama akingoja kuitikiwa.

Lile neno nilikuwa nalo. Nalitumia kila siku kwa watoto wa kiume, wale wa muuza mkaa, yule wa fundi baiskeli, linatoka lenyewe. Nikafungua mdomo. Na mdomo wangu, ambao ni mtumishi wa umma kuliko mimi, ukasema:

"Mbona umekonda?"

Wakacheka tena. Salhina akasema ahsante, akachukua mkoba wake, akatoka kinyumenyume mpaka mlangoni, asije akageuka upande mbele yao.

"Anayefuata!" akasema Mwenyekiti.

Nikamwita anayefuata.

*

Salamu yangu ilipata cheti. Wizara ya Utamaduni ilisema ni mfano bora wa salamu inayounganisha kizazi na kizazi, redio ikaifanya mlio wa kufungulia kipindi cha asubuhi, na sauti ni yangu mwenyewe, waliirekodi studioni. Watoto wa shule anayofundisha Salhina wanaijua kwa moyo. Kwenye sherehe ya cheti Mlezi Mkuu alinipa mkono, akatangaza kwamba maombi ya upasuaji yamepungua sana. Hakutangaza wanakoenda wanawake sasa, uani kwa watu wasio na ujuzi hata wa Daktari Sefu, na mimi sikuulizwa.

Salhina hakwenda huko. Yuko hai, anafundisha, pua yake anayo. Nilifaulu, sivyo?

Kwenda shuleni anapita mbele ya nyumba yangu, hakuna njia nyingine. Zamani alikuwa anaingia anakunywa chai. Sasa akikaribia kona ya kwangu anashika pindo la khanga, anajifunika pua, anabana kwa vidole, anaongeza mwendo, hivyohivyo unavyopita kwenye jalala. Akifika usawa wa mlango anasema, "Shikamoo, shangazi," kupitia kwenye kitambaa. Adabu hajaacha. Ila hangoji jibu, anakwenda zake, akivuka nyumba ya tatu anaiachia khanga.

Majirani wameona. Siku za kwanza walinyamaza, halafu Mama Tausi akaja uani, akavuta hewa. "Bi. Mwantumu, usinielewe vibaya, kwani hapa kwako kunanuka nini?"

"Hakunuki kitu," nikasema.

"Lakini yule binti ni mtoto wako wa damu. Mgeni angeweza kukusingizia, yeye hawezi."

Wakapeleka taarifa. Si mnajua nchi yetu, ikaundwa tume. Wizara ya Usafi ikatuma maofisa wenye mabuti, wakafukua shimo la choo, wakainua mkeka, wakanusa sufuria zangu moja moja, mkubwa wao akaniinamia akanusa hata mimi, kwa heshima zote. Hawakuona kitu. Wakapuliza dawa, wakabandika mlangoni tangazo lenye muhuri, kwamba nyumba hii imekaguliwa na kwa mujibu wa Serikali hainuki.

Kesho yake Salhina akapita amejifunika khanga ileile. Majirani wakalisoma tangazo, wakamtazama yeye, wakahamishia benchi lao la mazungumzo upande wa pili wa barabara.

Siku hizi naamka mapema. Nawasha moto, nasimama jikoni pale penye giza, nafanya mazoezi. Marahaba. Marahaba, mwanangu. Marahaba, Salhina. Kwa sufuria linatoka vizuri, kwa kinu linatoka vizuri, jana nilimwambia kuku likatoka vizuri. Halafu nasikia viatu vyake barabarani, natoka mbio mpaka mlangoni, naamkiwa shikamoo, nafungua mdomo, na kwa uoga kwamba nitasema lile jingine, naufunga.

Na yeye ameshapita.